Nani Anazurura?

Najua nimepotea, wengine mmeanza kunitumia meseji kuuliza kama nimeolewa huko Kigoma. Sijaolewa. Nilikuwa TP, mazoezi ya kufundisha, na safari hii nilipangiwa nyumbani kabisa, kwa hiyo nilikuwa nalala Gungu kwa mama, nakula migebuka ya mama, na nauli ya daladala naomba kwa mama vilevile. Nimerudi chuo Jumapili iliyopita. Chumba kilekile, kunguni walewale.

Habari za TP yenyewe nitawaletea siku nyingine, zipo nyingi na nyingine ni za kunicheka. Leo nina neno moja tu lililonikaba wiki nzima, na nikishalitoa kifuani nitalala.

Ilikuwa Kidato cha Pili, kipindi cha Kiingereza, saa saba mchana, bati linawaka. Kwenye ufahamu tuliokuwa tunasoma kulikuwa na neno "wander". Darasa zima likasoma "wonder". Nikaandika yote mawili ubaoni, moja lina a, jingine lina o. La o likapita haraka: kushangaa, kujiuliza. Kwenye la a nikasimama na chaki mkononi, nikafikiri kidogo, nikaandika: kuzurura. Darasa likaangua kicheko, maana kuzurura ni neno la mama akikukuta saa moja usiku bado uko barabarani. Sasa kijana mmoja wa dawati la mwisho, wale mnawajua, akanyoosha mkono.

"Madamu, kwenye notsi za historia tumeandika Livingstone alikuwa 'wandering' huko Manyema. Kwa hiyo alikuwa anazurura?"

Nikasema hapana, yule alikuwa mpelelezi, alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile.

"Sasa mbona neno ni lilelile?"

Nikaanza kujibu, kengele ikalia. Sijawahi kuipenda kengele kama siku ile. Lakini njia nzima kutoka shuleni hadi Gungu nilikuwa najibizana na yule kijana kichwani, na ukweli ni kwamba alikuwa ananishinda.

Tuanze na lugha kwanza, maana ndiyo ninayosomea. Hilo "wander" la Kiingereza ni neno la kale sana. Lina undugu na "wandern" la Kijerumani, na wataalamu wanalirudisha kwenye mzizi wenye maana ya kugeuka, kupinda, kujisokota. Tena lilivyoundwa ni kama kitendo kinachorudiwarudiwa: mtu anageuka, anageuka tena, haendi moja kwa moja. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kurudufu. Kutembea ni kutembea, lakini ukisema kutembeatembea umeshaondoa pale unapokwenda. Kuranda, kurandaranda. Kutanga, kutangatanga. Na hata kuzurura lenyewe, lisikilize tu midomoni, zu-ru-ra, lenyewe linazunguka.

Ila maneno haya hayana uzito mmoja, na hapa ndipo kamusi ndogo za mfukoni zinatuangusha. Ukisema fulani anatembeatembea, hujamtukana. Ukisema anapunga upepo, umemsifia, ana nafasi. Ukisema anapiga misele, ni kijana wa mjini na yuko na wenzake. Anatangatanga, unamwonea huruma, labda kafiwa au kakosa pa kulala. Anazurura, tayari umemhukumu. Kiingereza kinaweza kulitumia "wander" kwa mshairi, kwa kondoo aliyepotea, kwa mawazo ya mtu aliyelala semina (mimi), na kwa mtu anayekamatwa usiku. Neno moja linavaa nguo nne. Sisi tuna neno kwa kila nguo, na anayechagua nguo ni anayetazama. Anayetembea hana anachoulizwa.

Haya, turudi Ujiji, maana swali la yule kijana lilikuwa la Ujiji.

Jumamosi nilipanda daladala nikaenda pale kwenye kumbukumbu, chini ya miembe. Nimezaliwa Kigoma na nilikuwa sijafika tangu tupelekwe darasa la tano, aibu tupu. Hapo ndipo inaposemwa Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Tarehe ambayo Stanley mwenyewe aliiweka ni 10 Novemba, ingawa wanahistoria waliofuatilia shajara za wote wawili wanaona ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, maana wazee wote wawili walikuwa wameugua hadi wamepoteza hesabu ya siku. Miaka 13 kabla yao, Februari 1858, Burton na Speke walishafika hapahapa, baada ya kutoka pwani katikati ya mwaka 1857. Miezi zaidi ya saba njiani.

Sasa mtazame Livingstone mwaka ule wa 1871 kwa jicho la mtu wa Ujiji. Mzee anatokea Manyema ng'ambo ya ziwa, miguu imeoza kwa vidonda, hana mzigo, bidhaa alizokuwa ametumiwa Ujiji zimeshauzwa na aliyekabidhiwa. Hana ng'ombe, hana duka, hana shamba, hana mke pale. Ukimuuliza anafanya nini, anatafuta mto unakoanzia. Mto gani? Nile. Na mto alioufuata kwa miaka yote ile, Lualaba, ulikuja kuonekana ni wa Kongo, si Nile kabisa. Yaani mzee wa watu alikuwa kwenye mto siyo. Simcheki, alikuwa na moyo, na aliyoyaandika juu ya mauaji ya Nyangwe ya Julai 1871 yalisaidia kulifunga soko la watumwa Zanzibar mwaka 1873. Nasema tu kwamba kwa mvuvi aliyekuwa ameketi anashona wavu pale ufukweni, mzee huyu alikuwa anazunguka.

Na neno lenyewe si ndilo hilo? Wengi tumefundishwa kwamba "mzungu" limetoka kwenye kuzunguka: mtu anayezungukazunguka. Wapo wanaolipeleka kwingine, na hawana hoja mbaya, maana kamusi za zamani zinalipa neno mzungu maana ya jambo la ajabu, ujanja, mbinu ya kushangaza, na mpaka leo tuna mizungu ya jandoni na unyagoni. Mimi naona maana zote mbili zilikutana kwa mtu mmoja: anazunguka, na ana vitu vya ajabu mfukoni. Lakini angalieni kichekesho. Kama maelezo ya kwanza ni ya kweli, Waswahili walimwita mgeni huyu kwa jina lenye mzizi wa kugeuka na kuzunguka, na yeye kwa lugha yake ana neno "wander" lenye mzizi wa maana hiyohiyo, halafu miaka hamsini baadaye yeye ndiye akatutungia sheria ya kutukamata sisi kwa kuzurura.

Nikiwa pale niliwafikiria pia waliomfuata, maana wao hawakuwa na neno zuri wala baya kwenye vitabu vyetu. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi tisa na maiti begani. Hakuna watu waliojua wanakokwenda kuliko hao. Na misafara yote iliyopita Ujiji ilikuwa hivyo: anayeandika kitabu ni mmoja, wanaobeba ni mamia, na njia wanaijua wanaobeba.

Basi, miaka ikaenda. Wajerumani wakaja, wakaleta kodi ya kibanda mwaka 1898, wakaleta reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na kabla hawajaifaidi vita ikaanza. Waingereza wakarithi. Hapa nitaingiza habari ya babu yangu, marehemu, ambayo nimeisikia kwa bibi mara nyingi mpaka naijua kwa moyo.

Babu alizaliwa upande wa Kasulu. Enzi hizo Buha ilikuwa kama ghala la vibarua. Hakukuwa na zao kubwa la biashara la kuwatosha watu kulipa kodi, na serikali haikuwa na haraka ya kulileta, kwa sababu mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua. Vijana wa Buha wakawa wanaandikwa, wanapewa namba, wanapandishwa treni. Ndiyo asili ya jina manamba. Bibi anasema babu alipoondoka hakuaga kwa machozi, aliaga kwa hesabu: kodi, mahari, baiskeli, kisha narudi.

Kule shambani kulikuwa na kipande. Kipande cha Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, unayotakiwa uikamilishe ndani ya siku 42. Ukifanya kazi siku moja, inawekwa alama. Siku ambayo huna alama, ni siku ambayo hukuwepo duniani. Babu aliwahi kumwambia bibi kwamba siku za kupumzika ndizo zilizokuwa ngumu, maana ukitoka nje ya shamba unaulizwa na kila mwenye kofia: wewe wa wapi, bwana wako nani, kwa nini unazurura?

Na ukitoka kabisa ukaenda mjini, ndiyo kabisa. Dar es Salaam ya Waingereza ilikuwa na neno lake kwa vijana wa namna hiyo: wahuni. Leo mhuni ni mtu mkorofi, au rafiki yako tu unayemtania, lakini zamani kiini chake kilikuwa mtu asiye na kwao, anayerandaranda, asiye na jamaa wa kumjibia. Mwanahistoria Andrew Burton (si yule Burton wa 1858, jamani, huyu ni wa juzi) ameandika kitabu kizima juu ya jambo hili, African Underclass, kilichotoka 2005. Serikali ilikuwa na sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa". Ukikutwa huna kazi inayotambulika, unarudishwa kwenu. Hebu piga picha: kodi inakutoa Kasulu, SILABU inakupeleka Tanga, ukichoka mkonge ukajaribu bahati Dar, unarudishwa Kasulu, na Kasulu kodi inakusubiri mlangoni. Kijana wa watu anazungushwa nchi nzima na serikali yenyewe, halafu yeye ndiye anaitwa mzururaji!

Nikafika kwenye sheria yenyewe, ile kubwa. Rafiki yangu anayesoma sheria alinisomesha nayo kwa chai mbili na chapati. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ilianza chini ya Waingereza mwaka 1930, na uhuru ukaikuta, ukaiacha. Ndani yake kulikuwa na vifungu viwili mapacha, 176 na 177, ambavyo mitaani vilijulikana kwa jina moja: uzembe na uzururaji. Kwenye 177 ndipo nilipolikuta neno langu la ubaoni, limekaa kwenye Kiingereza chake: mtu anayekutwa "wandering" karibu na nyumba za watu, barabarani au mahali pa hadhara, kwa wakati na katika hali inayofanya ionekane yuko pale kwa nia mbaya. Miezi mitatu jela kwa kosa la kwanza, mwaka mmoja kwa kila kosa lifuatalo. Hukuiba, hukupiga mtu, hukuvunja mlango. Umetembea, na umetembea katika hali ambayo imemfanya mtu mwingine afikirie kitu.

Vifungu hivyo Waingereza hawakuvibuni kwa ajili yetu, tuseme ukweli. Walianza kwao, kwa maskini wao wenyewe. Mwaka 1547 walikuwa na sheria ya kumchoma mzururaji alama ya herufi V kwa chuma cha moto na kumfanya mtumwa miaka miwili. Sheria yao ya mwaka 1824 ilikuja baada ya vita vya Napoleon, wakati askari walioachwa bila kazi na watu waliopoteza ardhi walipojaa barabarani. Maneno yaliyokuwa kwenye sheria ile ya 1824 ndiyo yaliyosafiri na meli, yakatua India, Afrika Mashariki, Malawi, Zambia, kote. Nchi nyingi, sentensi ni zilezile.

Sasa msije mkafikiri sisi tulipojitawala tukawa malaika. Mwaka 1976 Dar ilikuwa na operesheni ya kila mtu afanye kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, wakati wa Waziri Mkuu Sokoine, uchumi ukiwa umelala chali, maduka matupu. Watu wasio na kazi ya kuonyesha wakakusanywa mijini, wakapelekwa vijijini na mashambani wakazalishe. Najua wengi wenu mnampenda Sokoine, hata mimi, na njaa ya miaka ile si hadithi. Tena kuna hoja ambayo siwezi kuipuuza: siasa yetu ilisema kila mtu aishi kwa jasho lake, na kuna watu walikuwa wanaishi kwa jasho la wenzao. Lakini aliyekamatwa barabarani hakuwa tajiri mvivu. Tajiri mvivu hazururi, anaendeshwa. Aliyekamatwa ni muuza karanga, fundi viatu, dada wa vitumbua, kwa sababu kazi yake haikuwa na kadi. Mwaka uliofuata, 1984, Katiba ikaongezewa haki za binadamu, ikiwemo haki ya raia kwenda kokote ndani ya nchi na kuishi popote. Tume ya Jaji Mkuu Nyalali ilipotoa ripoti yake mwaka 1992, ikaorodhesha sheria 40 mbaya, na hiyo ya Nguvu Kazi ilikuwemo, pamoja na ile ya mwaka 1944 ya kuwaondoa watu mijini.

Nimezunguka sana (ndiyo, najua). Nilikuwa nakwepa kufika hapa.

Mwaka 2019 nilikuwa Kidato cha Nne. Kaka yangu, anayenifuata kwa juu, alikuwa ameacha shule na kuingia kwenye dagaa. Kwa wasiojua: kwetu dagaa wanavuliwa usiku, kwa taa, giza likiwa nene. Wavuvi wanarudi alfajiri mwalo wa Kibirizi, na wanunuzi wanatakiwa wawepo kabla jua halijatoka, la sivyo unakuta bei imeshakaa na mzigo mzuri umekwenda. Kwa hiyo mtu wa dagaa anatembea saa ambazo watu wa heshima wamelala. Na mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kazi inasimama siku kadhaa. Siku hizo utawaona wavuvi wamekaa vijiweni wanacheza bao, wanatembea huku na huku, na mgeni atasema hawa vijana wa Kigoma wavivu kweli. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, ilikuwa ni miezi mitatu ya mbalamwezi. Ukimkuta mtu wa Kibirizi anatembea mwezi Juni ule, umuulize anapatia wapi riziki? Angekujibu riziki yake iko majini, imefungwa na serikali kwa tangazo.

Basi kaka alisafirisha magunia yake ya dagaa kwenda mji mmoja ambao jina lake naliweka mfukoni. Basi liliingia saa tisa usiku. Magunia aliyaacha stendi kwa mtu anayefahamiana naye, akatangulia kwa miguu kwenda sokoni akawahi nafasi na madalali. Saa kumi kasoro akakutana na doria.

Unatoka wapi? Stendi. Unaenda wapi? Sokoni. Soko limefungwa. Najua, nawahi. Kitambulisho? Cha taifa bado hakijatoka, nina cha kupigia kura. Kwenu wapi? Kigoma. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wenzangu wa Kigoma mnajua, ukisema Kigoma sentensi inayofuata ni: wewe si Mrundi wewe? Kwetu tumepokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wa 1993, wa Kongo mwaka 1996, tumesoma nao, tumeoana nao, na shukrani yake ni kwamba mtu wa Gungu akivuka Tabora anatakiwa athibitishe bibi yake alizaliwa wapi. (Wakimbizi wenyewe wana mbaya zaidi, kambini kulikuwa na sharti la kutotoka zaidi ya kilomita nne. Kilomita nne! Mimi kutoka hosteli hadi kwenye lekcha, nikapita kwa rafiki na kurudi, nimeshavuka.)

Alilala ndani siku tatu. Kosa: uzururaji. Akasema nina magunia stendi, nendeni mkaangalie. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Mama alipata habari siku ya pili, akakopa kwenye kikoba chao, hela ikatumwa, sijui ilipita kwa nani na ilikuwa ya nini, hakuna risiti, kaka akatoka. Magunia mawili kati ya matano hayakuonekana tena. Mtaji ukawa umekatika. Mama alilipa kile kikoba mpaka nikamaliza mtihani na matokeo yakatoka. Ada ya masomo ya ziada niliyokuwa nimeahidiwa ikafia humo, na hesabu nikapata F, ambayo ndiyo sababu leo nasoma lugha na siyo kile nilichokuwa nawadanganya nakitaka.

Kilichoniuma zaidi ni kaka aliporudi. Mama, kwa hasira ya deni, akamwambia: "Na wewe nani alikutuma uzurure usiku?" Mama mwenyewe! Aliyemwamsha saa tisa kila siku aende Kibirizi. Neno lilikuwa limeshaingia ndani ya nyumba. Kaka hakujibu kitu, akaenda kuoga.

Ndiyo maana nilishindwa kumjibu yule mwanafunzi. Nilipoandika "kuzurura" ubaoni sikuwa natafsiri, nilikuwa nasoma hati ya mashtaka.

Rafiki yangu wa sheria ndiye aliyenionyesha kwamba wengine walishapambana. Malawi, Januari 2017, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu chao cha uzururaji kwenye kesi ya muuza mifuko ya plastiki barabarani aliyekamatwa alfajiri akielekea kwenye biashara yake. Alfajiri, wadau! Nilipoisoma hiyo nilitoka nje ya maktaba nikakaa kwenye ngazi. Uganda, Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu kama hivyo Desemba 2022. Wakenya walikuwa wameifuta sheria yao ya uzururaji mwaka 1997, kwenye yale mabadiliko ya kabla ya uchaguzi. Na hapahapa kwetu Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, 4 Desemba 2020, ilitoa maoni ya ushauri, ikiwa imeombwa na umoja wa mawakili wa Afrika, kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake na siyo kwa alichofanya, na kwamba nchi zenye sheria hizo zizirekebishe au zizifute. Maoni ya ushauri hayamfungui mtu pingu siku hiyohiyo. Lakini yameandikwa, kwa tarehe, Arusha.

Wiki ya mwisho ya TP nilirudi kwenye lile neno. Nikafuta tafsiri yangu mbele ya darasa, maana waliiandika kwenye madaftari na sikutaka ibaki hivyo. Nikawaambia: "wander" ni kutembea bila njia moja iliyonyooka. Kutembeatembea, kutangatanga, kuzunguka. "Kuzurura" mtaliandika pale tu sentensi yenyewe inapomlaumu mtu, na mkiliandika mniambie anayelaumu ni nani. Yule kijana wa dawati la mwisho akauliza tena, kama kawaida yake:

"Kwa hiyo Livingstone alikuwa anatangatanga?"

Nikamwambia kwa mwaka 1871, ndiyo, alikuwa anatangatanga. Akaandika. Wenzake wakaandika. Msimamizi wangu wa TP alikuwa amekaa nyuma siku hiyo, akaandika na yeye, sijui aliandika nini, matokeo bado.

Kaka yupo. Alirudi kwenye dagaa, mtaji mdogomdogo, sasa ana mke na mtoto mmoja. Siku ninaondoka alinisindikiza stendi, saa kumi na nusu alfajiri, giza. Ilikuwa mbalamwezi, kazi imesimama, hana anachokwenda kununua. Lakini nilipofungua mlango nilimkuta ameshika ndoo yake ya dagaa, tupu. Nikamuuliza ya nini.

"Nikirudi peke yangu, dada. Mtu mwenye ndoo haulizwi."

Haya wadau, kesho nina assignment mbili na sijaanza hata moja. Mlio Kigoma nisalimieni Kibirizi.